Muulize Shangazi: bani la babu, michembe yenye ukungu, na ndugu waliobaki Urambo

Mwezi uliopita niliandika humu kuhusu siku za soko la tumbaku Urambo, enzi nikiwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha ushirika. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea, nyingine za kuuliza, nyingine za kunigombeza. Wanaotaka bei za msimu huu wawaulize makatibu wa vyama vyao. Mimi mizani niliiacha zamani, sasa nina karanga zangu na wajukuu.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwaka jana tulikwenda Urambo kumzika babu. Nyuma ya nyumba yake kuna jengo refu la tofali, halina dirisha, lina mlango mmoja mdogo, na chini ukutani kuna tundu lenye masizi. Ndani kuna boriti na fito zimepangwa mpaka karibu na bati. Baba mdogo anasema hilo ni bani tu, livunjwe. Mimi nafikiria kuligeuza vyumba vya kupangisha. Lilikuwa na kazi gani hasa, na je, mtu anaweza kuishi humo? *Mjukuu, Mbagala*

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, na poleni sana kwa msiba. Mwambie baba yako mdogo kwamba hilo “bani tu” huenda ndilo lililomnunulia viatu vyake vya kwanza vya shule.

Bani ni nyumba ya kukaushia tumbaku ya mvuke, ile ambayo jani lake halitakiwi kuguswa na moshi. Ndiyo maana tundu la moto limefunguka kwa nje. Hapo ndipo tanuri. Magogo yanachomwa humo, joto linapita kwenye mabomba ya bati yaliyolazwa sakafuni, linazunguka chumba, na moshi unatoka nje kwa dohani. Majani mabichi yanafungwa kwa uzi kwenye fito, na fito zinapandishwa boriti kwa boriti. Mmoja anasimama juu, mguu huku mguu kule, anapokea. Wa chini wanampa. Ilikuwa kazi ya vijana wembamba, nao walishuka mikono imejaa ulimbo mweusi usiosikia sabuni. Sisi tuliutoa kwa kusugua nyanya mbichi.

Bani likijaa, mlango unafungwa, nyufa zinazibwa kwa udongo, moto unawashwa. Kuanzia hapo, kwa karibu wiki nzima, moto haulali. Siku za mwanzo unataka joto dogo tu, jani ligeuke njano taratibu. Ukiwa na haraka hapo, linakauka likiwa kijani na hakuna atakayelitaka. Likishageuka unaongeza moto ili ubapa wa jani ukauke, na mwisho unachochea kweli kweli, joto lifike kama nyuzi 70, ukauke ule uti wa katikati. Uti ukibaki na maji, robota zima linaota ukungu ghalani. Kipimajoto kilining'inia ndani, mbele ya kitundu chenye kioo. Baba yangu hakujua kusoma, kwa hiyo mimi nilichungulia kwa tochi na kuandika nyuzi kwenye daftari la shule, naye akaamua aongeze gogo au aache. Ukarani wangu ulianzia hapo, siyo darasani.

Hiyo ni Februari na Machi, mvua bado zinanyesha na usiku una baridi, kwa hiyo watoto wa majirani wote walihamia kwenye tanuri. Viazi vitamu vilifukiwa kwenye majivu, mahindi mabichi yakaegeshwa karibu na makaa. Wazee walitupigia hadithi za Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, kana kwamba waliachana naye jana. Kuna mmoja alidai babu yake alibeba bunduki za Mirambo, na kila usiku idadi ya bunduki ilipanda. Mama hakuwepo pale. Mama alikuwa upande wa pili wa ukuta, chini ya kibanda cha nyasi, anafunga majani ya bani linalofuata kwa mwanga wa kibatari.

Tulichoogopa ni kitu kimoja. Fito ikikatika na majani yakaangukia bomba la moto, bani linawaka. Likiungua Machi huna pa kukaushia yale yanayoendelea kuiva shambani, na mkopo wa mbolea uko palepale.

Sasa kuhusu wapangaji: hapana. Kuta hizo ni ndefu, nyingi zimejengwa kwa tope badala ya saruji, na zimepashwa moto na kupoa miaka na miaka. Ukitoboa madirisha unaweza kuziangusha zote. Halafu harufu haitoki, hasa siku za mvua. Lakini kama paa halivuji, usilivunje. Jirani yangu alitoa mabomba, akaziba tundu la tanuri kwa tofali, akainua sakafu kwa magogo, sasa anahifadhi humo karanga na mahindi. Kama paa limekwisha, bomoeni kuanzia juu kwa utaratibu, tofali nzima zitafaa kwa choo na jiko. Fito ziache, mchwa wameshazila kwa ndani hata kama hujawaona.

SWALI: Shangazi, mchumba wangu akipigiwa simu anatoka nje kuzungumza. Nifanye nini? *Mwenye Mashaka, Nzega*

JIBU: Mwanangu, shangazi wa mapenzi yuko ukurasa wa mbele yangu. Huku tunajibu ya mashamba. Ila sehemu nyingi za wilaya yetu mtandao ndani ya nyumba haushiki, hata mimi huongelea chini ya mwembe. Anza na hilo.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwalimu wa historia ametupa kazi kuhusu mradi wa karanga wa Waingereza. Nilichosoma kinazungumzia Kongwa tu. Urambo ilikuwaje, na kwa nini karanga zilikataa kuota? *Mwanafunzi, kidato cha tatu, Tabora*

JIBU: Marahaba. Kwanza yale ambayo mwalimu atayawekea alama. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mradi ukaanza mwaka 1947, kwanza chini ya kampuni ya United Africa Company, kisha chini ya shirika la serikali yao, Overseas Food Corporation. Walipanga kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Kwa Tanganyika walichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha, ikiwa imeteketeza paundi zipatazo milioni 36.

Kongwa kulikuwa na ukame, na udongo wenye mfinyanzi uliokauka ukawa mgumu kiasi kwamba kung'oa karanga yenyewe ilikuwa vita. Mashine nyingi zilikuwa mitumba ya jeshi. Urambo mvua ni nzuri zaidi, lakini huku kuna msitu wa miombo, na mti wa miombo ukiuangusha hujamaliza. Mizizi ndiyo shamba lenyewe. Marehemu baba alikuwa kibarua pale akiwa kijana. Alisimulia jinsi matrekta mawili yalivyofungwa mnyororo mzito katikati, yakaenda sambamba na kulaza miti yote iliyokuwa kati yao. Wenzake walishangilia siku ya kwanza. Siku zilizofuata waliletwa wao, na mashoka na sululu, kung'oa visiki ambavyo mnyororo uliviruka.

Lakini hapo kwenye “karanga zilikataa” nakuzuia, mwanangu. Karanga hazikukataa kitu. Mama zetu walikuwa wanalima karanga Unyamwezi kabla ya trekta hilo kuja, na walizilima wakati trekta lipo, na wanazilima leo. Walilima kipande ambacho mikono yao inakiweza, kwenye udongo wa kichanga walioujua wenyewe, na mahindi au mihogo pembeni, ili kimoja kikikosa kingine kipatikane. Kilichoshindwa ni kutaka kulima ekari mamilioni mahali ambapo hujakaa hata msimu mmoja ukaona mvua inanyeshaje. Hilo andika kwa maneno yako, mwalimu asije akasema umenakili kwa Shangazi.

Usisahau kilichofuata, maana ndicho kilichotengeneza mji. Mashamba yaliyosafishwa hayakurudi msituni. Miaka ya 1950 wakulima waligawiwa humo maeneo ya kulima tumbaku, na ndiyo tumbaku iliyoleta ghala, maduka, na watu kutoka kila upande. Stesheni ya reli ilikuwepo tayari, kwa sababu njia ya kwenda Kigoma ilikamilika mwaka 1914.

SWALI: Shangazi, nimezaliwa Kaliua nimeolewa Tanga. Kila nikianika michembe inaota ukungu, mawifi wananicheka. Nakosea wapi? Na mume wangu anasisitiza kwamba michembe na matobolwa ni kitu kimoja, naomba umwambie wewe. *Mama Wawili, Tanga*

JIBU: Mwangaluka, mwanangu. Tuanze na shemeji, tummalize haraka. Shemeji, vyote ni viazi vitamu vya kukausha, ila michembe inakatwa ikiwa mibichi. Matobolwa yanachemshwa kwanza, ndipo yanamenywa, yanakatwa na kuanikwa. Michembe ni myeupe na inaiva ikipikwa. Matobolwa yana rangi ya kahawia, ni magumu, na mtoto anaweza kuyatafuna hivihivi njiani kwenda shule, kama meno yake ni mazima. Atakayekuwekea vyote kwenye sahani moja bila kukuambia, huyo hakuheshimu.

Sasa ukungu. Huku Tabora tunaanika Juni na Julai. Mvua zimekwisha, hewa ni kavu, usiku hakuna umande wa kutisha, na upepo unapuliza kutwa. Wewe uko pwani, hewa yenyewe ina maji. Subiri Januari na Februari, wakati kaskazi inavuma na mvua zimepungua, ndiyo nafasi yako. Na usinunue viazi vya maji. Chagua vile vyenye unga mwingi, ambavyo ukivichemsha vinakukaba koo. Viazi lishe vya rangi ya chungwa ni vizuri kwa watoto, lakini vingi vina maji zaidi, vitakuchelewesha.

Ukishamenya usikate hapohapo. Naamini hapa ndipo unapokosea, maana wengi waliokulia mjini wanaruka hatua hii. Viazi vilivyomenywa viache vinyauke siku moja au mbili, mpaka ukikibonyeza kiazi kinalegea. Ndipo ukate, vipande vyembamba, vyote unene mmoja. Kimoja kikiwa kinene kitabaki na maji ndani na kuambukiza debe zima. Anika juu ya kichanja, siyo chini, upepo upite pande zote. Funika kwa chandarua kikuukuu, inzi hawana adabu. Jua likianza kushuka ingiza ndani, kesho toa tena. Usipime kwa kuangalia, pima kwa kuvunja: ukikunja kipande na kikapinda, bado, kikilia “ta” na kukatika, tayari. Halafu kiache kipoe kabisa kivulini kabla ya kukitia kwenye debe lenye mfuniko. Ukitia kingali na joto la jua, kinatoa jasho humo humo ndani, na kesho kutwa unamwandikia Shangazi.

Kupika unajua, lakini nitarudia kwa ajili ya mawifi. Michembe ioshwe, iloweke kidogo, ichemke mpaka ilainike. Twanga karanga mbichi, zisiwe za kukaanga, uzimwage na chumvi kidogo, punguza moto na ukoroge mpaka tui la karanga lishikamane na michembe. Watu wa siku hizi wanaila na maziwa mgando na kusema ndiyo asili yetu. Mimi nacheka. Tulipokuwa watoto Urambo maziwa yalikuwa adimu sana kwa sababu ya mbung'o. Ng'ombe hawakukaa, na watu wenyewe waliugua malale. Kila mtaa ulikuwa na mtu anayesinzia akaogopwa. Msitu ulipoendelea kukatwa kwa mashamba na kuni za mabani, mbung'o walisogea, na ndugu zetu Wasukuma wakaingia na ng'ombe. Maziwa kwenye michembe ni mambo ya juzi. Sisi tuliila na asali, na miaka ile ya mwanzo wa 1980, sukari ilipopotea madukani, hata chai tuliitia asali ya msituni, nyeusi, yenye ladha ya moshi. Wageni kutoka Dar es Salaam walikunja uso. Walikunywa.

SWALI: Shangazi, mwezi uliopita uliandika kama vile tumbaku ilikuwa sherehe. Baiskeli mpya, redio, muziki siku ya malipo. Baba yangu alilima tumbaku maisha yake yote na amekufa anadaiwa. Mama ana kifua. Msitu umeisha. Huoni aibu kusifia zao hilo? *Mtoto wa Mkulima, Sikonge*

JIBU: Pole kwa baba. Na usiombe radhi kwa ukali, umeandika la haki.

Nilieleza siku ya malipo kwa sababu ilikuwa siku moja katika mwaka. Ngoja nieleze zilizobaki, kwa kuwa mimi nilikaa upande wa mizani na niliziona.

Mbegu ya tumbaku ni vumbi. Gramu moja ina mbegu zaidi ya elfu kumi. Unaanza kumwagilia kitalu kabla ya mvua, wakati wenzako wamepumzika. Novemba na Desemba unahamishia kwenye matuta, wakati huohuo mahindi nayo yanataka kupandwa. Nani alipanda mahindi? Mama. Januari unaanza kuvunja vilele na kutoa machipukizi, kisha kuchuma, jani la chini kwanza. Asubuhi majani yamelowa, sumu yake inapita kwenye ngozi, mtu anapata kizunguzungu na kutapika. Tulisema “amelewa tumbaku” na kucheka, watoto wa miaka kumi tukitapika kwenye matuta, kisha tunapewa uji na kurudi. Leo nikikumbuka sicheki.

Baada ya bani kuna kuchambua, rangi na rangi, urefu na urefu, kisha kufunga robota. Siku ya soko marobota yanapangwa mistari, mteuzi anapita, anachomoa shazi moja, analinusa, analivuta kwa vidole, anataja daraja: herufi ya jani lilipokaa kwenye shina, tarakimu ya ubora, herufi ya rangi. Karani anaandika. Hajasimama hata ukamaliza kusalimia. Niliona wanaume wazima wakifuata nyuma yake wakisema “mzee, tazama tena,” na hatazami tena. Bei yenyewe siku hizi inapangwa kwa dola, mkulima analipwa kwa shilingi, kwa hiyo hata akijua kilo zake bado hajui atapata nini.

Halafu makato. Mbolea, dawa, nyuzi, vyote vimechukuliwa kwa mkopo kupitia chama, na wanachama wanadhaminiana. Jirani yako bani lake limeungua, au ameuza usiku kwa vishoka ili akwepe deni, wewe uliyepeleka kila jani unakatwa kufidia. Hapo ndipo baba yako alipoishia, nadhani, kama walivyoishia wengi niliowaandikia hati zao kwa mkono wangu. Kuna msimu, kwenye chama ambacho sitakitaja, mkulima alileta marobota ya kutosha kujaza chumba, na hati yake ikatoka na deni. Aliniuliza nimsomee mara ya pili. Nilimsomea.

Na lipo ambalo hukulitaja. Jina la mwanachama lilikuwa la mume. Mke aliyefunga majani usiku kucha hakuonekana kwenye mizani, na fedha hakuzishika. Wapo waume waliofika nyumbani na bati na sare za shule. Wapo waliofika na mke mwingine, kwa hesabu ya wazi kabisa kwamba mikono ikiongezeka ekari zitaongezeka. Nyumbani kwetu ada na daftari zilitokana na karanga na asali ambazo mama aliuza kwenye madirisha ya treni, chupa kwa chupa, kibaba kwa kibaba. Tumbaku ilipokwenda vizuri tulipata redio. Ilipokwenda vibaya tulikula kama kawaida, kwa sababu chakula hakikuwahi kuwa mikononi mwa tumbaku.

Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wakati wa mamlaka za mazao, zile za serikali zilizoshika nafasi ya vyama, watu walisema vyama vikirudi kila kitu kitanyooka. Vilirudi, nami nikaajiriwa humo, nikaona kwamba anayepanga bei bado yuko mbali. Kwa hiyo simsemi vibaya mkulima aliyeacha akahamia alizeti au mpunga wa majaruba, na simsemi vibaya anayeendelea, maana hakuna zao jingine huku ambalo mtu anakukopesha mbolea kabla hujavuna. Hilo la mwisho ndilo linalowabakisha. Siyo ujinga.

Kuhusu msitu, ni kweli. Kuni za bani moja zilikuwa rundo refu kuliko bani lenyewe. Mikataba ilidai kila mkulima apande miti, na wengi walipanda ile michache ya kuonyeshwa mkaguzi.

Aibu ya kuandika siku ya malipo sina. Ilikuwepo, na baba yako alikuwa na haki ya kuifurahia. Mama mpeleke hospitali ya mkoa, umwambie daktari kwamba amechambua tumbaku kavu kwa miaka mingi ndani ya chumba kilichofungwa. Hilo lisemwe, daktari hawezi kulikisia.

SWALI: Mwakeye, Shangazi. Mimi ni wa Kasulu. Baba yangu alikuwa anakwenda Urambo kila mwaka kulima tumbaku za watu, anarudi na shuka, sufuria na mwaka mmoja baiskeli. Kabla ya kufariki aliniambia nina ndugu huko, wa mama mwingine, lakini alitaja tu “kwa mzee wa mabani matatu, baada ya Usoke.” Nianzie wapi? *Mtoto wa Kwanza, Kasulu*

JIBU: Mwakeye, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na kumsomea jirani.

Baba yako hakuwa peke yake. Kila mwaka, mvua zikikaribia, treni ilishusha vijana wa Kiha, jembe limefungwa na nguo kwenye furushi moja, na wengine na chupa ya mawese kwa mwenyeji. Walipewa kibanda karibu na mabani, chakula, na ahadi ya kulipwa mwisho wa msimu baada ya soko. Wapo wenye mashamba waliolipa siku ileile. Wapo waliokata ugali, wakakata chumvi, wakakata dawa ya homa, mpaka kijana akabaki na nauli. Na wapo waliomwambia “subiri wiki ijayo” mpaka mvua zikarudi, akaanza msimu mwingine bila kwenda kwao. Wengi waliobaki Urambo walibaki hivyo; hawakuamua, walicheleweshwa, wakaoa. Kwa hiyo usimhukumu baba haraka.

Mabani matatu ni mkulima mkubwa kwa wakati ule, watamkumbuka. “Baada ya Usoke” kwa mtu atokaye Kasulu naona ni upande wa Tabora wa Usoke, maana baba yako alikuwa anakuja kutoka magharibi. Wengi wangetafuta upande wa Urambo mjini na kupoteza siku. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji, ujitambulishe, uonyeshe kitambulisho na picha ya baba akiwa kijana kama ipo. Kisha nenda kwenye chama cha msingi, uulize ni nani alikuwa na mabani matatu miaka hiyo. Vibarua hawakuandikwa kwenye vitabu vyetu, hilo nakuhakikishia, nimeviandika. Wenye mashamba waliandikwa.

Ukipata boma lenyewe, salimia wazee wa kiume kwa heshima yote, lakini majibu usiyatarajie kwao. Watakwambia vijana walikuwa wengi. Uliza ni nani alikuwa anawapikia vibarua. Huyo, kama yu hai, anakumbuka nani alikuwa mvivu, nani alikuwa anaimba, nani hakula dagaa, na nani alikuwa anachelewa kurudi kibandani na alikuwa anatoka kwa nani. Zungumza naye peke yake. Mama wa ndugu zako huenda ana mume mwingine sasa na hajawahi kusema, usije ukavunja nyumba ya mtu kwa kuulizia hadharani sokoni.

Usije Novemba wala Desemba, kila mtu yuko shambani na hatakuwa na muda na wewe. Njoo Juni au Julai, viazi vimeanikwa, watu wamekaa barazani. Kuna basi la lami siku hizi, lakini kama treni ya Kigoma inakwenda, panda treni, ushuke Usoke palepale aliposhuka yeye. Na beba mawese, siyo kidogo, kwa sababu utakaribishwa nyumba nyingi kabla ya kufika ile unayoitafuta.